Kidude cha kusomea vitabu: intaneti yake ni adhabu tupu

Niacheni niseme, nna hasira. Zile tableti za kusomea vitabu, zenye kioo kama karatasi, nimenunua moja Darajani kule Unguja, na muuzaji kaniambia kwa mdomo wake "hii ina brauza, unaingia mtandaoni bila tabu". Bila tabu gani yakhe!

Nimefika nayo kwetu Wete, Pemba, nataka kufungua imeili tu. Unabonyeza herufi saa hizi inatokea baadae, ukiona haijaingia ukibonyeza tena zinakuja mbili, na neno la siri lenyewe linaandikwa vidoti vidoti utajuaje umekosea wapi, mwisho akaunti ikanifungia. Ukivuta ukurasa kioo kinapiga cheusi kinapiga cheupe kama mtoto anachezea swichi ya taa, na maneno ya ukurasa wa nyuma bado unayaona kwa mbali. Video ndo usahau. Tovuti nyengine inakuletea kile kibandiko cha "kubali", kimeziba ukurasa mzima na kitufe chenyewe hukioni kiko wapi.

Nikapanda boti mpaka Unguja kumrudishia. Yule kijana nimemtolea salamu hajaitika! Macho kwenye simu, kanambia "hicho cha kusomea, ukitaka intaneti kanunue simu". Salamu ya Mungu hujaitika, halafu maneno uliyonambia wakati unachukua pesa umeshayasahau. Wallahi nilitetemeka. Bora angenambia hairudishwi kwa ustaarabu tu, ningeondoka.

Mpwa wangu anayesoma kompyuta ndo kanielewesha, "mjomba, mle ndani kuna vichembe vyeusi na vyeupe, umeme unavisukuma vihame, ndo maana kinachelewa, lakini vikishatulia havili chaji". Akaingia kwenye mipangilio akazima picha na javaskripti, vile viprogramu vinavyojiendesha ndani ya tovuti. Tukafungua Wikipedia ya Kiswahili, maandishi matupu.

Hapo sasa nikanyamaza. Saa saba mchana jua linawaka, simu huoni kitu, mimi nimekaa nje nasoma herufi nyeusi tititi wala macho hayaumi, na chaji sikumbuki mara ya mwisho nimeitia lini. Habari ndefu, makala, vitu vya kusoma kwa utulivu, simu haifui dafu hapa. Kwa hiyo ile adhabu niliyosema juu labda nimezidisha kidogo. Labda. Kama unataka kusoma tu chukua, kama unataka kuandika hata ujumbe mmoja usithubutu.

Jirani kaniuliza kama nakiuza, nimekataa. Jana usiku nikajaribu tena imeili, kikaganda, nikakitupa kitandani kwa hasira nikalala. Lakini siuzi.