Jumamosi za kusoma Nsambya: nimemaliza muhula wa kwanza

Nimehudhuria wiki zote kumi, kwa hiyo naweza kuandika nikiwa na uhakika wa ninachokisema.

Mahali penyewe ni chumba cha nyuma ya duka dogo la vitabu vya dini, Nsambya, hapa Kampala, mwendo wa dakika tano kutoka kambi ya polisi nilikozaliwa. Kila Jumamosi saa tisa alasiri watu kumi na wawili, siku nyingine hata ishirini, hukaa kwenye mabenchi wakazungumza juu ya walichokisoma: wiki moja teolojia ya Kikatoliki, wiki nyingine falsafa, nyingine riwaya. Ada ni shilingi 80,000 kwa muhula, au 10,000 kwa siku moja, pamoja na chai ya tangawizi na kabalagala (vitumbua vya ndizi) za moto. Tunazungumza Kiswahili, kwa sababu karibu nusu yetu wametoka Kongo, kuna mzee wa Kigoma, kuna vijana wawili wa Mombasa walio chuoni hapa, na kuna sisi wa kambini tuliolelewa kwa lugha hiyo. Jirani yangu Mganda akiniona natoka na kitabu huniuliza kama naenda kusoma, na kwa Kiganda neno hilo hilo, okusoma, ni kusoma na pia ni kwenda kusali. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, wasomaji. Siku hizo nahisi jina hilo ni langu pia.

Mimi ni mwuguzi wa wodi ya watoto, zamu za usiku. Mwaka jana, alfajiri, mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameshakata roho aliniuliza, "Sista, mbona Mungu amekaa kimya?" Sikuwa na neno. Nilipompelekea swali hilo kiongozi mmoja wa dini aliniambia niongeze sala. Niliongeza. Swali halikuondoka, na ndilo lililonifikisha kwenye mabenchi yale.

Anayeongoza tunamwita Mwalimu tu. Aliwahi kuwa mseminari, kisha akafundisha falsafa kwa miaka mingi. Ana sharti moja ambalo halilegezi: usimjibu mwenzako mpaka uyarudie aliyoyasema, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wiki ya kwanza sharti hilo lilinichosha. Tulikuwa tunasoma habari ya Mtakatifu Augustino, askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini, jinsi alivyoiba mapeari na wenzake usiku akiwa na miaka kumi na sita, wakawatupia nguruwe. Robo saa nzima ilikwisha tukirudiana maneno juu ya maembe tuliyoiba utotoni. Kufikia wiki ya nne nilikuwa najikuta nikifanya vivyo hivyo wodini na ndugu wa wagonjwa, na ugomvi umepungua.

Siku ya Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa zamani wa Kanisa, ilikuwa ngumu, na saa mbili hazikutosha. Mwalimu alitueleza hoja yake ya kwanza ya kuwapo kwa Mungu kwa taa iliyokuwa juu yetu: inawaka kwa sababu ya waya, waya una umeme kwa sababu ya nguzo, na ukifuata nguzo unafika kwenye bwawa la Jinja. Waya hata uwe mrefu namna gani, bila bwawa hauna cha kuleta. Anachouliza Tomaso, alisema, ni kitu gani kinachoshikilia vyote sasa hivi, wakati huu tunapoongea. Swali la nani alianza zamani ni jingine. Hapo nilielewa jambo ambalo katekisimu ya utotoni haikunifikisha. Lakini kilichonigusa zaidi ni mpangilio wake. Kabla ya kusema lolote juu ya kuwapo kwa Mungu, Tomaso anaandika kwanza hoja za wanaokataa, na ya kwanza kabisa ni uovu: kama Mungu ni mwema pasipo kikomo, uovu umetoka wapi? Basi swali la yule mama lilikuwa limewekwa mezani katika karne ya 13, na mtakatifu, bila kukemewa. Jibu lake, kwamba Mungu huruhusu uovu ili atoe wema ndani yake, halikunitosha, nikasema hivyo. Hakuna aliyenitazama vibaya.

Kisha ikaja riwaya ya Shusaku Endo, Mkatoliki wa Japani, iliyotoka mwaka 1966, ambayo jina lake ni Ukimya. Padri Mreno anakamatwa katika karne ya 17, wakati Ukristo umepigwa marufuku huko. Anaamriwa aikanyage sanamu ya Kristo. Akikataa, wakulima Wakristo wanaendelea kuning'inizwa kichwa chini shimoni. Anakanyaga.

Hapa Uganda kitabu hicho ni kizito kuliko mahali pengi. Sisi tumelelewa na Namugongo, mahali walipouawa mashahidi wa Uganda. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa mwaka 1886. Mzee wa Kigoma alimkumbuka Mbaga Tuzinde, ambaye Mukajanga, mkuu wa wauaji, alimlea kama mwanawe na kumsihi akane ili apone, naye hakukana. "Mtoto yule alishinda," mzee alisema, "padri huyu alishindwa." Vijana wa Mombasa walibisha: Mbaga alitoa uhai wake mwenyewe, lakini padri alikuwa anatoa uhai wa wengine.

Ndipo mama mmoja wa Bukavu, ambaye kwa wiki sita hakuwa amesema neno ila salamu, alitueleza kwamba kwenye kizuizi cha barabarani aliulizwa kabila lake na jina lake, akavikana vyote viwili, akatupa rozari majanini, kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. "Nilikanyaga," alisema. "Mtoto sasa yuko darasa la sita."

Mwalimu hakuongeza kitu. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mzee wa Kigoma, kwa kufuata sharti, alirudia maneno ya mama yule neno kwa neno, polepole, akamuuliza, "Mama, ndivyo ulivyosema?" Akajibu, "Ndivyo, baba." Mzee akasema hana la kujibu, ila anaondoa neno lake la kwanza.

Baadaye tulirudi kwenye jina la kitabu. Mzee huyo huyo alisema kimya na kunyamaza si kitu kimoja: jiwe liko kimya, lakini anayenyamaza ni mtu aliye na la kusema. Katika riwaya padri anafika mahali pa kuamini kwamba Kristo hakuwa mbali, alikuwa anateseka pamoja naye. Mimi nilimfikiria mama wa wodini. Siwezi kudai nimepata jibu lake. Lakini alfajiri ile niliketi karibu naye mpaka kukapambazuka, bila neno, na sasa sioni aibu tena kwamba sikusema.

Kasoro zipo. Mara nne tulianza kwa kuchelewa nusu saa, jambo gumu kwa mtu atakayeingia kazini saa mbili usiku. Nakala za kuazima ni chache, moja kwa watu watatu, na karibu zote ni za Kiingereza, kwa hiyo wenzetu wa Kongo waliosoma Kifaransa hutegemea kusimuliwa. Ada ya muhula ni kubwa kwa mkimbizi. Nimeambiwa asiye nacho huruhusiwa kulipa kidogo kidogo, lakini haijaandikwa popote, na ingepaswa kubandikwa mlangoni. Benchi la karibu na dirisha linaloa mvua ikinyesha.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Asiye Mkatoliki ataketi bila shida. Mwislamu mmoja alikuja siku ya Tomaso na ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko yote, kuhusu Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu wa zamani. Muhula ujao unaanza na riwaya ya Graham Greene juu ya padri mlevi anayekimbizwa na polisi huko Mexico. Nimeshalipia, na nimemlipia nusu mama wa Bukavu. Tutasoma nakala moja.