Fundi kaniuliza mume wangu yuko wapi: uzoefu wangu na gereji moja ya Mwanga

Jamani ngoja niandike nikiwa bado na hasira, maana zikiisha nitasamehe na mimi sitaki kusamehe. Kama una haibridi, hizi gari za petroli na umeme, na uko Kigoma, kuna gereji moja pale Mwanga, jina silitaji, usiende. Tena usisimame hata kuuliza njia. Huko mbele nitajikanyaga kidogo mtanivumilia, ila kwa sasa usiende.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo kabisa. Kipindi kile mvua zimekolea nilienda msibani Kasulu kwa basi, gari nikaiacha imelala nje kama siku tano hivi. Narudi, asubuhi nawasha natoka getini, nakanyaga breki nasikia kwarrrr, kama mtu anaburuza sufuria kwenye sementi. Mara mbili tatu alafu inapungua. Kesho yake tena hivyo hivyo. Kwenye dashibodi taa haijawaka, na hilo naomba mlishike, TAA HATA MOJA.

Sasa mimi nashuka kila siku kutoka Mwanga kwenda mjini, wenyeji mnaujua ule mteremko wa kuelekea stesheni, breki ikikulilia pale moyo unatangulia ziwani. Nikaona niende gereji.

Fundi mkuu hata hakuiendesha. Kafungua mlango wa dereva, pampu ya breki ikalia zzzzz kama inavyolia tangu siku naipokea, akanitazama kama daktari mwenye majibu mabaya, "Mama, unasikia? Pampu inakufa hiyo. Na pedi zimeisha." Zimeisha umezionea wapi, tairi hujafungua? Nikanyamaza, hapo kosa langu. Masaa mawili baadae pedi mpya zimefungwa mbele na nyuma, laki na themanini pamoja na ufundi, nawasha gari nakutana na taa ya ABS (ya mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), ile ya kigari kinachoteleza, na ya njano ya breki. Tatu zimenitolea macho.

Nikamwambia fundi hizi hazikuwepo. Akasema zilikuwepo ila hukuziona. Hukuziona! Mimi taa ya mafuta tu ikiwaka tumbo linaniuma, leo nipishane na tatu nisizione? Nikasema basi pima na mashine. Akanijibu mashine ya nini, hiyo ni pampu, andaa milioni mbili na nusu iagizwe ya mtumba Dar. Nikauliza, na kama sio pampu? Akafuta mikono kwenye ovaroli taratibu, akasema mbele ya vijana wake wote na mtu wa bajaji aliyekuwa anasubiri, "Dada, kwani mume wako yuko wapi? Mwambie aje tuongee nae, haya mambo wewe huwezi kuyaelewa."

Yani dakika chache nyuma nilikuwa mama, nimeuliza swali nimeshakuwa dada. Mimi napokea mzigo wa dagaa Kibirizi alfajiri na wanaume wenye sauti kubwa kuliko huyu na hakuna aliyewahi kuniulizia mume. Nilitetemeka mpaka funguo zikalia mkononi. Nikasema nipe pedi zangu za zamani. "Za nini?" Zangu. Akazileta kwa kuzitupa kwenye benchi, nikazisogeza kwenye maboksi ya zile mpya maana kulikuwa na seti nyingine imebaki, nikazipanga ubavu kwa ubavu, tofauti ya unene kama ganda la yai. Nikazifunga na gazeti nikaziweka kwenye buti, nikaondoka na taa zangu tatu.

Usiku sikulala. Kitabu cha gari ni Kijapani kitupu, nikawa napiga picha ukurasa mmoja mmoja simu inatafsiri, mpaka saa nane. Kumbe haibridi ukikanyaga breki taratibu, sehemu kubwa ya kupunguza mwendo inafanywa na mota, inageuka jenereta inachaji betri kubwa, pedi zinagusa kidogo tu. Ndo maana pedi zake zinadumu sana, na ndo maana diski, yale machuma ya duara yanayobanwa na pedi, zinashika kutu haraka, hasa gari ikilala kwenye mvua na unyevu wetu huu wa ziwa. Ile kwarrr ni kutu inasagwa! Dawa yake ni barabara tupu, hakuna mtu nyuma, mwendo mdogo, unaweka gia ya N (huru), maana kwenye N mota haikusaidii kuzuia, pedi zenyewe ndo zinafanya kazi, unakanyaga kwa nguvu kiasi mara kadhaa diski inajisugua. Ikiendelea kulia hata baada ya hapo ndo ufungue tairi, inaweza kuwa pini za kalipa, kile kibanio cha pedi, zimeganda. Lakini unaanza na ile ya bure, sio laki na themanini.

Na ile pampu ikilia ukifungua mlango inajaza presha ya breki tu, ndo kazi yake. Ingekuwa imekufa ingewaka taa NYEKUNDU na kengele juu. Nyekundu unasimama hapo hapo, njano unaenda pole pole ukaangalie kuna nini.

Siku tatu hivi baadae nikarudi kugombana, maneno nimeyapanga njia nzima. Fundi mkuu hayupo, kaenda Uvinza kuvuta gari. Yupo dogo mmoja, mdogo kuliko wote, anaosha vyuma kwa petroli. "Shikamoo mama." Nikaitikia huku nimekunja sura. Akauliza, "Mama, zile taa ziliwaka kabla hujatuletea gari au baada?"

Swali hilo tu. Nilitaka kulia.

Akapiga jeki, akavua tairi ya nyuma kushoto, tochi ya simu kaing'ata mdomoni, akanionyesha kiwaya chembamba cha sensa inayosoma mzunguko wa tairi. Walipokuwa wanafungua kalipa walikivuta, soketi ikabaki nusu ndani nusu nje, udongo mwekundu umejaa. Akaifuta na pindo la fulana yake, akaisukuma mpaka ikasema ta. Tukazima, tukawasha, tukazunguka mpaka Gungu, kurudi dashibodi nyeupe. Nikamuuliza, na pampu? "Hii inalia mara moja inatulia mama. Ikianza kulia kila saa na gari imesimama, breki hujagusa, hapo niletee upesi." Akaniambia pia gari hizi kabla ya kugusa pedi unachomoa kwanza betri ndogo, usipochomoa mtu akafungua mlango, pampu inaamka inasukuma pistoni na vidole vyako viko mle mle. "Nilimwambia bosi siku ile. Akanituma chai."

Kanituma chai! Mtu pekee anayeijua haibridi pale anatumwa chai.

Nikampa elfu ishirini, akarudisha kumi. Sasa niseme nini, gereji ni ile ile. Gari silaumu, gari haina kosa. Usiende... au nenda, ila ulizia yule dogo, na kama bosi yupo geuza. Mimi mwenyewe Jumamosi naenda anisafishie pini, nishamwambia aje getini tuelewane hapo hapo. Hela yangu ya pedi sijarudishiwa na fundi mkuu simu hapokei.

Pedi za zamani bado ziko kwenye buti na gazeti lake. Juzi mume wangu alikuwa anapakia magunia akaziona, akauliza hizi nini. Mume wangu mwenyewe hajui hata kuendesha. Nikamwambia nenda Mwanga kamuulize fundi, ana hamu ya kuongea na wewe.