Bangkok na yule mwenyeji wa dola 150: mzigo umefika wote ila moyo haujatulia

Jamani mimi sio mtu wa kuandika andika, ila hili jambo limenikaa rohoni tangu nirudi na nisipolitoa nitapasuka. Nilienda Bangkok kufuata nguo za dukani, ilikuwa kama wiki chache kabla ya mfungo, tulikuwa wanawake sita kutoka Dar na tulimlipa mwenyeji mmoja Mtanzania anayeishi kule dola 150 kila mtu, hapo tiketi na hoteli ni juu yako. Kazi yake ilikuwa kutupokea uwanjani, kututembeza sokoni siku tatu, kutuongelea Kithai na, nanukuu voisi yake ambayo ninayo mpaka leo kwenye simu, "kuwafundisha taratibu za kule ili msije mkaaibika". Ishikeni hiyo sentensi.

Siku ya pili asubuhi tuko soko la Pratunam. Kama hujafika, Pratunam ni kama Kariakoo ukiichanganya na yenyewe mara tatu, vichochoro vya nguo, maghorofa ya nguo, watu wanakokota marobota mpaka unakanyagwa, na ukichukua kuanzia pisi tatu wengi wanakupa bei ya jumla. Bei haiongelewi mdomoni, anakuandikia kwenye kalkuleta anakugeuzia, na wewe unafuta unaandika yako unamrudishia. Nikapata mama mmoja ana blauzi za shifoni nzuri sana, kaniandikia baht 170, baht ndio hela yao, nimeandika 140, anacheka, ananirudishia 160, yani biashara imenoga kabisa. Pembeni yake kuna mtoto wa kiume kama wa miaka mitano kakaa juu ya robota anakula wali wa kunata kwenye kimfuko cha plastiki, kanikodolea macho. Sasa mimi nimelelewa Tanga, mtoto akikuangalia hivyo unampitishia mkono kichwani, hujambo mwanangu, ndio heshima yetu, hata akikuamkia shikamoo unamwekea mkono kichwani na dua juu. Nikanyoosha mkono nikamsugua nywele.

Yule mama alimvuta mtoto kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akachukua ile kalkuleta akailaza kifudifudi mezani. Hakupiga kelele wala hakutukana. Aligeuka tu akaanza kukunja blauzi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Namuonyesha hela, haangalii. Namuita, haangalii. Nimesimama pale watu wananipita kama nguzo ya umeme.

Na mwenyeji wetu alikuwa wapi? Hatua mbili kutoka nilipo, anachati. Aliona kila kitu, na hakuongea neno moja la Kithai ambalo mimi nimelilipia.

Nikaondoka pale natetemeka, kichwani mwangu neno ni moja tu, ubaguzi, kaona mkono mweusi kwenye kichwa cha mwanae. Nikaandika palepale kwenye grupu la wafanyabiashara wenzangu kuwa Wathai ni wabaguzi, Bangkok msiende, bora Dubai. Wenye ile meseji naombeni muifute, nimeshaifuta upande wangu. Kwasababu jioni kwenye gari mwenyeji akaanza kuwasimulia wenzangu huku anacheka, "Sister alimshika mtoto kichwa, hawa watu kichwa hawashikwi!" Nikamuuliza kaka, ulikuwa unajua? Akasema kila mtu anayeishi huku anajua. Sasa mbona hukuniambia? Akanijibu hivi, kwa sauti ya kama anaongea na mtoto: "Sasa mimi ningejuaje kama utamshika?"

Ndugu zangu, nimefanya biashara miaka kumi na zaidi, nimetapeliwa, nimeibiwa, mzigo umenizamia bandarini, ila lile jibu ndilo linaloniamsha usiku.

Binti wa mapokezi pale hotelini, ambaye hatukumlipa hata shilingi, alinieleza kwa dakika tano akiwa amesimama. Kwao kichwa ndio sehemu ya juu ya mtu kwa kila maana, ndipo roho yake inapokaa, na mguu ndio wa chini kabisa. Kwahiyo kichwa cha mtu hukigusi hata cha mtoto, na unyayo humuelekezei mtu wala sanamu ya Buddha, hunyooshi miguu mbele ya wazee, humruki mtu aliyekaa chini, na kitu kilichoko chini humuonyeshi mtu kwa mguu. Yani dakika tano tu, bure. Nikajikuta nalia pale kaunta na yeye ananipa tishu.

Toka hapo nikaanza kuuliza mwenyewe kila kitu, na mengi mwenyeji wetu alikuwa hajayasema, kwahiyo nayaandika hapa ili anayejiandaa kwenda asidhalilike kama mimi.

Cha kwanza kabisa kadi ya homa ya manjano. Sisi wa Tanzania, na Kenya na Uganda pia, tuko kwenye orodha yao ya nchi zinazodaiwa hiyo kadi, ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, unapita kwanza dawati la afya ndio uende uhamiaji. Mwenzetu mmoja alipanga foleni ya uhamiaji karibu saa nzima, kufika mbele akarudishwa kwenda kugongewa afya kwanza. Mwenyeji alikuwa anatusubiri nje, angeandika meseji moja tu.

Ya mfalme msilete utani. Wana sheria, kifungu cha 112, kumkashifu mfalme, malkia au mrithi wake ni miaka 3 mpaka 15 jela kwa kosa moja, na picha yake iko kila mahali mpaka kwenye noti. Noti ikidondoka na upepo unaipeleka usiikanyage kuizuia, inama uiokote kwa mkono. Mimi kwetu nimeshakanyaga noti za elfu kumi mara ngapi zikipeperuka dukani! Na ikifika saa 2 asubuhi na saa 12 jioni unaweza kukuta stesheni ya treni watu wote wamesimama kimya, ni wimbo wa taifa, simama na wewe, usiendelee kuvuta begi.

Kwenye jumba la kifalme na mahekalu, mabega na magoti yafunikwe. Hapa sisi tumebarikiwa, kanga yako moja kwenye mkoba inamaliza kazi, wazungu niliwaona wanatafuta suruali za kununua getini. Viatu unavua ukiingia ndani ya hekalu, na hilo kwetu sio geni, hata nyumbani hatuingii na viatu. Nilienda hekalu la Wat Pho kumuona yule Buddha aliyelala, mita 46 huyo, na nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi, lile ganda la chaza linalong'aa, alama 108, nikakaa pale nikaangalia zile nyayo nikakumbuka ya binti wa mapokezi nikakunja miguu yangu vizuri nyuma. Mtawa wa kiume, mwanamke humgusi wala humpi kitu mkononi, unakiweka chini au mwanaume anampa.

Ukiwa karibu na hilo jumba, mtu akikuambia kwa upole leo pamefungwa, twende nikuzungushe na bajaji kwa bei ya bure, kataa. Wanakuzungusha maduka ya vito na ya washona suti wapate kamisheni. Nenda mpaka mlangoni ukaone kwa macho yako. Bajaji hazina mita, mnapatana bei kabla hujapanda kama huku kwetu. Teksi mwambie mita, inaanzia baht 35, ukitoka nayo uwanjani kuna ada ya uwanja juu ya mita, na ada za barabara ya juu ni zako, sio wizi. Bodaboda wao wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, na kwenye foleni ya Pratunam ndio mkombozi.

Chakula nilisumbuka siku mbili nikala ndizi na chai kwa kuogopa nguruwe, mwenyeji anatupeleka anapopapenda yeye. Kumbe Phetchaburi mtaa wa 7, sio mbali na sokoni, kuna msikiti wa Darul Aman na kichochoro kizima cha vyakula vya halali, supu, wali, nyama za mishikaki! Nilisali Adhuhuri pale nikala nikashiba nikamshukuru Mungu. Sema "mai pet" kama pilipili huiwezi, na hata ukisema hivyo jasho litakutoka.

Na usigombe. Hili ndilo gumu kwetu wa Kariakoo. Kule ukipandisha sauti umejivunjia heshima na umemvunjia mwenzako, na hutopata unachotaka. Nikaelewa basi kwanini yule mama hakunitukana. Alivyoilaza ile kalkuleta chini ndio alikuwa amemaliza maneno yote.

Sasa nimtendee haki mwenyeji. Mzigo wangu umefika Dar wote, hakuna pisi iliyopungua, kago alituunganisha na watu waaminifu na bei ya kilo haikubadilika njiani. Uwanjani alikuja kwa wakati. Kwa mtu anayetaka mzigo tu, siwezi kusema uongo, kazi ya mzigo anaiweza, na nilitaka kabisa niishie hapo niseme ni mzuri ila hana adabu. Lakini kila nikisikiliza ile voisi, "ili msije mkaaibika", nasema hapana. Aliuza kitu akakiweka mfukoni. Angetuuzia mzigo peke yake kwa dola 80 nisingekuwa na neno. Simpendekezi. Mkimtumia mtumieni kwa kago, sokoni nendeni wenyewe na kalkuleta yenu.

Siku ya mwisho nilirudi kwa yule mama peke yangu. Binti wa mapokezi alinifundisha maneno, "kho thot ka", hilo "ka" ni la sisi wanawake, wanaume wanasema "krap". Nimefika pale nikaunganisha viganja kifuani, nikainamisha kichwa, nikayasema, najua matamshi yangu yalikuwa mabovu. Mtoto hakuwepo. Alinitazama kwa muda, afu akainamisha kichwa kidogo na yeye, akaichukua kalkuleta akaandika akanigeuzia. 180. Sikuandika kitu, nikalipa dazeni tatu kwa bei hiyohiyo, na wakati ananifungia aliongeza blauzi moja ya kijani juu ya robota bila kunitazama.

Ile ya kijani siiuzi. Na mwenyeji nimemuandikia anirudishie angalau nusu ya dola 150, tiki za bluu ninaziona, ni wiki ya tatu hii hajajibu.