Bluzi za Mono Kugeuzwa Stirio: Sikiliza Kwanza Kabla Hujanunua

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina mkusanyiko wa bluzi za zamani zilizorekodiwa kwa mono, yaani sauti moja isiyo na kushoto wala kulia. Ni santuri mbili, na jalada linajigamba kwamba nyimbo zote sasa ziko kwenye stirio, kila upande na sauti zake. Lebo siitaji. Mtindo huu umeenea, na ndio ninaouchambua. Mwenye hedifoni avae.

Santuri ya kwanza ni Muddy Waters na bendi yake ya Chicago, 1954. Otis Spann kwenye piano, Willie Dixon kwenye besi, Little Walter anapuliza hamonika. Walipiga wote kwa pamoja, na sauti zikaingia kwenye mkanda zikiwa zimeshachanganyika. Hiyo kushoto na kulia haikuwahi kuwepo, lazima itungwe. Zamani isingewezekana, lakini siku hizi kuna programu za akili unde za kutenganisha sauti, kama Spleeter iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Deezer mwaka 2019, au Demucs. Na hapa nisiwe mchoyo: ngoma zimetoka vizuri, na Muddy kasimama katikati, anaimba mbele yako.

Sasa sikilizeni hamonika... Mmeisikia inavyohama? Mara iko kulia, mara imemezwa na mwimbaji. Kwa kawaida programu hizi hutoa mafungu manne: mwimbaji, ngoma, besi, na "vinginevyo". Hamonika, gitaa na piano wanagombania hilo la mwisho. Halafu Little Walter alikuwa anaifumbata hamonika pamoja na kipaza sauti, inapitia kwenye amplifaya, inalia kama koo la mtu. Mashine inababaika, na siilaumu.

Santuri ya pili ndiyo iliyoniudhi. Robert Johnson! Mtu mmoja na gitaa lake, alirekodi San Antonio Novemba 1936, Dallas Juni 1937. Unataka kumpeleka kushoto umwache nani kulia? Basi wamerudia ujanja wa miaka ya 60, ule ambao kampuni ya santuri ya Capitol waliuita Duophonic: sauti ileile pande zote mbili, upande mmoja umecheleweshwa kidogo, huku wamepunguza besi, kule wamepunguza sauti za juu. Kwenye hedifoni utadhani chumba kimepanuka.

Ngoja niunganishe hii spika ya bluetooth, moja tu, maana wengi wetu ndiyo tunayotumia. Gitaa limekonda ghafla, sivyo? Spika moja inazijumlisha pande mbili, na zikijumlishwa zinaanza kufutana. Chukua ucheleweshaji wa milisekunde 10: sauti ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) inafutika, halafu 150, halafu 250, inaendelea hivyo hivyo kupanda. Waya wa nne wa gitaa uko kwenye hezi 147, karibu kabisa na hiyo 150. Wameuondoa wenyewe, na wewe umelipa.

Hukumu yangu: ya kwanza isikilize kwa udadisi, ya pili iache dukani. Kama wangeweka na mono halisi humo humo, iliyosafishwa mikwaruzo tu, ningenyamaza. Mono ya Johnson kwenye spika nzuri haikosi kitu.

Na kama ulishanunua, usikimbilie kitufe cha mono kwenye amplifaya, kitajumlisha zile zile pande mbili. Fungua kwenye programu ya kuhariri sauti, chagua upande mmoja, ule wenye gitaa lililonona zaidi, uunakili pande zote mbili. Programu ya Audacity ni ya bure na inafanya hivyo. Linki nimeweka hapo chini.