Darubini ya 8x42 baada ya miezi minane: tulichokiona na kilichotuudhi

Hii, ya kushika mkononi na kutazama kwa macho yote mawili, ni darubini yetu ya pili. Ya kwanza niliinunua kwa jamaa mmoja katikati ya jiji, jioni, ameitandaza juu ya gunia pamoja na tochi na redio ndogo. Ilikuwa imeandikwa 20x50 kwa rangi ya dhahabu, na lenzi zake zilikuwa nyekundu za kung'aa kama macho ya paka usiku. Alitaka shilingi 2,500, tukavutana hadi 1,500, nikaenda nyumbani nikijiona mjanja. Kitinda mimba wangu, ana miaka sita, aliiweka machoni akasema, "Mama, nyumba zinacheza." Nikamwambia ashike vizuri. Nikashika mimi, zikacheza vilevile, tena zina ukijani kama ziko chini ya maji.

Zile namba mbili maana yake ni rahisi, na kama ningeijua mapema pesa yangu ingebaki mfukoni. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukivuta mara 20, mtetemo wa mkono wako nao unavutwa mara 20, kwa hivyo bila stendi ya miguu mitatu unaangalia ngoma tu. Halafu gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. Ile ya gunia ilikuwa inatoa milimita 2.5; hii ya 8x42 inatoa zaidi ya 5, na tofauti unaijua ukiwa chini ya miti saa kumi na mbili jioni. Kuhusu ule wekundu wa lenzi, ni rangi inayorudisha mwanga mwekundu nje, basi jicho lako linabaki na mabaki ya kijani.

Hii ya pili niliipata kwenye duka la vifaa vya kamera kwa 9,500. Sitaji chapa, maana nimeshaona nyingine mbili zenye majina tofauti na umbo lile lile. Nilipomwambia Baba watoto bei alinyamaza kile kimya cha mtu anayebadilisha shilingi kuwa paketi za unga. Sikumlaumu. Gari hatuna, Maasai Mara hatujawahi kufika, na tunakaa ghorofa ya nne upande wa Ngara, Nairobi. Aliuliza swali moja tu: tutaangalia nini?

Tulianza na kwarara. Unawajua hata kama hujui jina lao: ndege wakubwa wa rangi ya udongo, mdomo mrefu uliopinda, wanaoamsha Nairobi nzima kwa kelele kama mtu amekanyagwa kidole. Nimeishi nao tangu nizaliwe na sikuwahi kuwaangalia mara mbili. Jumamosi ya kwanza walitua wawili kwenye kipande cha nyasi nyuma ya ploti, wakaanza kutoboa ardhi kutafuta minyoo. Nikaelekeza darubini pale, nikageuza gurudumu la katikati polepole, na ghafla bawa likawaka. Kijani, zambarau, tena kijani, kama mafuta ya petroli yaliyomwagika juu ya maji. Juu ya mdomo kuna wekundu, shavuni kuna mstari mweupe kana kwamba ametoka kunyolewa. Nilimwita kifungua mimba wangu aje, akatazama dakika nzima bila kusema neno, na huyo ni msichana wa miaka kumi na moja ambaye hana dakika nzima ya kitu chochote kisicho na skrini.

Kuanzia hapo tukawa watu wa paa. Mwewe wanaozunguka juu ya kibanda cha samaki tuligundua wana mdomo wa manjano na mkia uliogawanyika, wanaupinda kushoto na kulia kama usukani. Usiku tuliangalia mwezi na mashimo yake. Onyo moja ambalo kwangu halina mjadala: mtoto asielekeze darubini kwenye jua, hata kwa nukta moja, jicho linaungua. Mchana yetu haitoki kwenye begi bila mtu mzima.

Lakini siku iliyomaliza ubishi wa bei ni ile tuliyokwenda City Park na Shosho. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Murang'a kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, akakaa nasi wiki kadhaa, na daktari alipomruhusu kutembea tukaona mahali pa karibu ni pale Parklands. Tulibeba thamosi ya chai, chapati kwenye mkebe, na maji. (Mkebe, si karatasi. Kima wa City Park wanaijua sauti ya karatasi kuliko mtoto yeyote. Na usiwalishe, hata wakikuangalia kwa yale macho ya kuomba karo. Wakizoea wanaanza kunyang'anya.)

Shosho huvaa miwani. Alipoweka darubini machoni alilalamika anaona tundu la sindano. Hapa ndipo nilipojua kazi ya vile vikombe vya mpira vya kuwekea macho: kwa asiye na miwani unavizungusha vitoke nje, kwa mwenye miwani unavirudisha ndani kabisa, la sivyo jicho linakuwa mbali mno na picha inakatwa pembeni. Kwenye ile ya gunia havikuwa vinazunguka kabisa. Nikavirudisha, nikamwonyesha mti, nikamwambia, "Shosho, kuna kitu kinaruka ruka juu pale, fuata lile tawi lililovunjika."

Alikuwa shorobo. Ndege wa kijani kibichi mwenye kishungi cha buluu iliyokolea, anakimbia juu ya matawi kama panya, kwa hivyo bila darubini unaona majani yakitikisika tu. Shosho alimfuata. Kisha ndege akafungua mabawa kuruka mti wa pili, na yale mabawa ndani ni mekundu kabisa. Shosho alishona sare za shule maisha yake yote. Akashusha darubini, akasema, "Huyu amevaa koti la kijani akaweka bitana nyekundu. Nani alimshonea?"

Msichana wangu alikuwa ameshampata kwenye Merlin, ile programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell ya kutambua ndege. Ukishapakua kifurushi cha eneo letu nyumbani haili bando huko nje. Kisha akasoma mahali pengine kwamba wekundu ule unatokana na rangi yenye shaba ndani yake, shaba ya kweli. "Shaba kama ya nyaya?" Shosho akauliza. Ndiyo. "Basi asiende kutua karibu na transfoma, wezi wa shaba watambeba."

Baba watoto alicheka hadi akamwaga chai. Hajataja zile 9,500 tena.

Sasa yaliyoniudhi, maana yapo.

La kwanza ni ile pete iliyo kwenye jicho la kulia. Macho yetu mawili hayalingani, kwa hivyo kila mtu lazima ajipimie: unaziba lenzi ya kulia kwa mkono, unageuza gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri, kisha unaziba ya kushoto na kugeuza ile pete tu. Ukifanya hivyo mara moja, umemaliza. Shida ni kwamba pete ya hii yetu ni laini mno, inasogea yenyewe ikiguswa na begi, na sisi ni watu watano wenye macho matano tofauti. Kwa wiki tatu kila mtu alidhani mwenzake ameiharibu. Dawa ilikuwa rangi ya kucha: kila mmoja ana kitone chake kwenye pete. Changu chekundu, cha Baba watoto cheupe, watoto waridi na buluu, Shosho alichagua dhahabu.

Vifuniko vya lenzi vya mbele vilipotea ndani ya mwezi wa kwanza. Vinashikiliwa na kipande cha mpira chembamba kama tambi. Nilirudi dukani kuuliza kama wanauza vingine, nikaambiwa nije Jumanne, Jumanne nikaambiwa mwenye duka amesafiri, wiki iliyofuata nikaambiwa waranti haihusu "vitu vya plastiki". Nimeshona mfuko wa kitambaa cha leso, mambo yamekwisha. Mkanda nao ni mwembamba na unakata shingo, badilisha mapema. Na kwa mtoto wa miaka sita hii kitu ni nzito. Anaiweza akiwa ameketi, viwiko juu ya magoti. Akisimama dakika mbili mikono inashuka na analaumu ndege. Kwa mdogo kama huyo 8x32 ingekuwa nyepesi zaidi, ingawa jioni ingezidiwa.

Je, ukilipa zaidi unapata zaidi? Likizo ya Agosti tuliungana na matembezi ya kuangalia ndege ya Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, yale ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Watu wa pale ni wakarimu ajabu, mtoto akiuliza kitu watatu wanajibu. Mzee mmoja akaniazima yake, ambayo nadhani ni bei ya pikipiki. Ndiyo, tofauti ipo: picha imenyooka hadi pembeni kabisa, wakati yetu kingo zimefifia kidogo, na kivulini yake inang'aa zaidi. Nilimrudishia haraka kabla sijaizoea. Kwa familia inayotoka Jumapili mchana, yetu inatosha na kubaki.

Pia usidhani lazima ufike bustani. Matumizi yetu makubwa ya pili ni ndani ya matatu, kwenye msongamano karibu na uwanja wa Nyayo, kwa wale korongo wakubwa wa kipara, marabu, wanaoketi juu ya miti kama wazee wa baraza. Watoto waliuliza kwa nini wamevaa soksi nyeupe. Si soksi. Miguu yao ni myeusi, wanajinyea wenyewe makusudi ili kupoza mwili kwenye joto. Kondakta alisikia, akaomba aangalie, darubini ikazunguka matatu nzima hadi viti vya nyuma na ikarudi salama, jambo ambalo sikulitegemea.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi tumeingia nayo mara moja, tukichangia van na majirani. Ile ni hifadhi ya tangu 1946, kilomita za mraba 117, na faru tulimwona mbali sana kwenye nyasi, nyuma yake majengo marefu ya mjini. Kwa macho alikuwa jiwe. Kwa darubini alikuwa faru mwenye ndege mgongoni. Ila tulikuwa watu kumi na mmoja na darubini moja, na nusu ya safari ilienda kwa "mpe naye aone". Kama mnaenda kwa kundi, angalau mbili.

Kwa hivyo ningeinunua tena? Ningeinunua, lakini dukani ningeigeuzageuza ile pete kwanza, ningetoka nje ya mlango nikasoma bango la mbali nione kama picha za macho yote mawili zinakutana kuwa moja, na ningeishikilia mbali na uso kuelekea mwangaza: vile viduara viwili vya mwanga viwe mviringo kamili. Vikiwa na pembe kama almasi, vioo vya ndani ni vya bei ya chini. Muuzaji akikataa usitoke nayo nje, nenda duka lingine.

Shosho alirudi Murang'a mwezi wa tisa. Juzi alipiga simu, akasalimia watoto, akauliza habari za darubini kabla ya kuuliza habari zangu. Desemba nimeagizwa niende nayo bila kukosa. Kuna kitu kinamaliza maparachichi yake huko juu mtini, watu wanamwambia ni ndege, na yeye anashuku ni mtoto wa jirani.