Nimevuka daraja la Kigongo–Busisi na magunia sita ya dagaa

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya nauli, nitafika huko.

Mimi ni muuza dagaa. Nachukua soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, napeleka Geita kila Jumanne na Ijumaa. Nilianza mwanangu wa kwanza akiwa darasa la pili, na sasa ana mtoto wake. Daraja hili la J.P. Magufuli, linalovuka Ziwa Victoria kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na wengi wameshalisifia: kilometa 3, la kwanza kwa urefu Afrika Mashariki, taa zake usiku. Wengi wao walienda kupiga picha wakarudi mjini. Mimi naandika kama mteja.

Kwanza niseme pantoni, kivuko tulichopanda kabla ya daraja, ilivyokuwa, maana asiyeijua ataona nalipamba daraja bure. Ukifika Kigongo na pantoni imeshageuka, unakaa. Saa moja, saa mbili, siku mbaya hata zaidi. Siku moja ya masika mvua ilitukuta kwenye foleni, turubai la juu ya gari likapasuka, maji yakaingia kwenye mzigo. Dagaa akilowa baada ya kukauka hana msamaha. Nilifika Geita, mteja akafungua gunia moja, akanusa, akafunga bila kusema neno. Mzigo wote nikauza kama dagaa wa chakula cha kuku, kwa bei ya kulia. Na tangu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama kule kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake wa watu 101, wakafa zaidi ya 200, nilikuwa sipandi pantoni yoyote bila kuhesabu vichwa. Ungeniona ungedhani nakusanya sadaka.

Sasa daraja. Jumanne iliyopita nilitoka stendi ya Nyegezi saa 12 na robo asubuhi, tukapita Buhongwa, Usagara, tukashuka Kigongo. Nikawasha saa ya simu gurudumu la mbele lilipogusa daraja, nikaizima Busisi: dakika nne na sekunde kadhaa. Dereva hakuwa na haraka yoyote. Gari halirukiruki, njia ni pana, upande wa waenda kwa miguu kulikuwa na kina mama wawili na beseni zao wanapiga soga kama wapo uani kwao. Ziwa liko chini huko, limetulia. Bibi aliyekaa pembeni yangu alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), tumeshavuka?"

Nikiri jambo. Sikuamini litaisha. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019, na Machi 2021 Rais Magufuli akafariki, nguzo bado zinachomoza majini moja moja kama meno ya mtoto. Kwenye foleni ya pantoni kila mtu alikuwa mchambuzi: haya yameisha, nondo zitaota kutu. Nilibishana na shemeji yangu hadi nikaweka dau la kuku jike. Likachelewa kweli, lilikuwa likamilike mwanzoni mwa 2024, nikaanza kumcheka shemeji. Kuku aliliwa Juni 2025, na mimi ndiye niliyempika.

Kilichoanza kunilegeza kabla ya hapo ni bango la mradi. Ukisubiri saa mbili unasoma chochote. Mkandarasi: kampuni mbili za China. Msimamizi: Wakorea. Hela: Serikali ya Tanzania, yote. Ni zaidi ya shilingi bilioni 700. Nikawaza hivi: ndivyo mimi ningejenga jiko langu. Nachukua fundi wa kijiji kimoja anayejua kazi, naweka mtu wa kijiji kingine ahesabu mifuko ya saruji, na mfuko wa hela unabaki kwangu. Kila gunia langu Mwaloni lina ushuru wake, kwa hiyo na mimi nimo humo, hata kama ni kwa mkia wa dagaa. Ukijua nani anajenga, nani anamkagua na nani analipa, hata kugombana na serikali unagombana vizuri. Laiti zahanati na mitaro ya mtaani kwetu ingekuwa na bango kama lile.

Mpwa wangu alipata kibarua pale. Aliingia hajui kufunga nondo, akatoka fundi, na Kichina cha kusalimia na cha kukemea. Sasa yuko kwenye reli ya Mwanza–Isaka, zile kilometa 341, nayo inajengwa na Wachina.

Kasoro. Nauli haijashuka hata shilingi. Kampuni ya basi ninayopanda (jina silitaji) ilikuwa inasema nauli ni kubwa kwa sababu gari linalala foleni. Foleni imekufa, nauli ipo. Nilimuuliza konda, akanijibu, "Mama, daraja ni la serikali, basi ni la tajiri." Nilicheka, lakini nililipa.

Halafu kuna wale waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma pale kwenye maegesho ya pantoni. Biashara yao ilikuwa ni sisi kuchelewa. Mmoja wao, niliyemzoea miaka mingi, amehamisha jiko lake barabarani, lakini magari hayasimami, yanapita. Hili sijui nimnyime nani nyota.

Kwa wafanyabiashara wenzangu: Wakongo na Warundi wanaonunua Mwaloni wameanza kuuliza mzigo uwafuate njia ya Geita, kwa hiyo wahi kabla bei haijachangamka. Na funga turubai vizuri, juu ya daraja upepo ni mkali.

Geita nilifika saa 2 na nusu. Mteja wangu amezoea kunitegemea saa 6, duka lake lilikuwa bado lina kufuli. Nikakalia magunia yangu mlangoni, nikamsubiri yeye.