Urembo: kozi fupi au mafunzo marefu?

Kozi fupi ya siku chache humfaa mtu anayetaka kujifunza jambo moja, kama vile kubandika kope, hasa ikiwa tayari anafanya kazi saluni na mikono yake imezoea. Huyo hana haja ya kukaa darasani mwaka mzima.

Kwa anayeanza, mafunzo marefu humpa muda wa kukutana na ngozi za aina nyingi na wa kukosea mbele ya mwalimu, jambo ambalo kozi fupi haina nafasi nalo. Kuondoa nywele kwa nta huonekana kazi nyepesi, lakini mteja anayetumia dawa za chunusi za jamii ya retinoidi anaweza kubanduka ngozi pamoja na nywele, na mtoa huduma asiyefundishwa kumhoji kabla ya kuanza hatalijua hilo. Rangi ya kope nayo hujaribiwa kwanza nyuma ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko, kwa kawaida saa 24 hadi 48 kabla, ili mzio, kama upo, ujitokeze mapema.

Kwa maoni yangu, kozi fupi zifuate mafunzo ya msingi, zisiyatangulie, na anayetaka kulipia aulize kwanza atahudumia wateja halisi kwa saa ngapi chini ya usimamizi.